Vitenzi vya Sista Benedeta

Paskazia alinipigia simu nikiwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, akasema yule mzee wa Kanazi amefariki na wanazika kesho saa nane. Nikamwuliza alikuwa anaumwa nini. Akasema, "Uzee, Mbuke. Au unataka cheti?" Nikasema sitafika, nina mitihani. Akasema sawa, akakata. Nikamaliza madaftari. Kutoka hapa Biharamulo mpaka Kanazi si mbali kiasi hicho; ningeomba ruhusa ningepewa. Sikuomba. Nilidhani ikifika jioni nitasikia kitu, huzuni au hata aibu. Nikapika wali, nikala, nikaosha sufuria, sikusikia kitu. Wengine huandika kwa sababu moyo umejaa. Mimi naandika kwa sababu nimeuchungulia wangu nikakuta hamna kitu, nami sijawahi kuamini jambo nililolitazama mara moja tu.

Mwaka ninaoutaka ni ule niliokaa Kibimba, kwenye nyumba ya masista, miaka saba iliyopita. Nilikuwa nimerudi kwetu Nyamigogo na shahada ya isimu ndani ya bahasha ya kaki, nikifukuza ngedere kwenye mahindi kama mtu yeyote asiye na shahada. Masista walitafuta mtu anayejua kompyuta. Nilipofika walinionyesha chumba kilichokuwa stoo ya mbegu, meza, kompyuta moja nzito, na madaftari matatu yaliyofungwa pamoja kwa kamba ya mkonge. Chumba kilinuka dawa ya kuhifadhia maharage, na harufu ile iliingia kwenye nguo zangu ikakaa humo mpaka nilipoondoka. Madaftari yalikuwa ya Sista Benedeta, aliyekuwa ametunza wazee Italia kwa miaka mingi kabla ya kurudishwa nyumbani naye akiwa mzee. Kila msichana aliyepangiwa kwenda kusoma huko alipitia kwake kwanza ajifunze lugha. Kazi yangu ilikuwa kuyachapa yale madaftari yawe kitabu kimoja. Yote matatu yalikuwa vitenzi vitupu vya Kiitaliano. Kila kitenzi kilikatwa silabi kwa mistari midogo ya wino wa bluu, na juu ya silabi moja, kila mara moja tu, kulikuwa na nukta nyekundu.

Hakufundishia darasani. Alifundishia baraza ya nyuma ya jiko, saa tisa alasiri, wakati wa kuchambua maharage, kwa sababu alisema mikono isiyo na kazi inafanya ulimi uwe mvivu. Mwaka ule mwanafunzi alikuwa mmoja, huyo Paskazia, msichana wa palepale Kibimba mwenye mdomo mrefu kuliko utawa ulivyoweza kumvumilia; alikwenda Italia akarudi bila kuwa sista, na sasa ana duka la dawa Ngara mjini. Tulikaa watatu kwenye mkeka, ungo katikati. Sista anataja kitenzi, Paskazia anakisema katika nafsi zote sita huku vidole vikitafuta mawe na maharage yaliyotobolewa, na Sista anagonga ukingo wa ungo kwa kifundo cha kidole pale mkazo unapotakiwa kuangukia. Ukikosea hakukuambia umekosea. Alisimamisha mikono yetu yote, akatazama migomba, akangoja. Maharage yakalala. Ukasema tena.

Tulikosea kitu kilekile kila siku, nami nilikosea zaidi ya Paskazia ingawa nilikuwa na cheti. Kiswahili, Kihangaza cha Paskazia, Kisukuma changu, hakuna hata kimoja kilichokuwa kimetuzoesha kubonyeza neno mwanzoni kisha kuliachia liserereke silabi tatu bila kulishika. Sisi tunalishika neno karibu na mkia, kama mbuzi anayetaka kukimbia. Kupiga simu, kwa mfano, ni kitenzi rahisi, hata mtoto anakijua nusu yake. Mimi napiga simu: te-le-fo-no, na mkazo uko kwenye le. Wewe unapiga, yeye anapiga, bado uko kwenye le. Sisi tunapiga, unahama: te-le-fo-nia-mo. Ninyi mnapiga, umehama vilevile. Halafu wao wanapiga, te-le-fo-na-no, unarudi kwenye le, na silabi tatu nzima zinabaki nyuma yake zikining'inia. Paskazia alisema telefonano kwa mkazo wa na, siku baada ya siku, mpaka ikawa utani.

"Sista, hawa watu wa wingi wana shida gani?" aliuliza. "Mmoja akipiga simu tunaelewana. Wakiwa wengi wanaanza fujo."

"Hawana fujo," Sista alisema. "Wewe ndiye unawakimbilia. Waache waje."

Mimi niliuliza kwa nini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu nyingine pale, ambayo hakuna aliyenipa. Kwa nini mkazo uhame kwa sisi na ninyi halafu urudi kwa wao? Kwa nini ca-pi-sco ikatwe kabla ya s, lakini par-lo ikatwe baada ya r? Nilikuwa na majibu ya chuo kikuu, yenye mizizi na viambishi, na niliyasema, nikiinua sauti kidogo ili yasikike mpaka jikoni. Sista alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema, "Sawa. Sasa sema telefonano." Nikasema. Akasimamisha mikono yetu.

Siku nyingine niligundua kwamba kwenye daftari la pili nukta moja nyekundu ilikuwa imewekwa vibaya, nikampelekea kwa furaha ambayo leo ninaiona ilivyokuwa mbaya. Akavaa miwani, akatazama, akasema, "Kweli." Akairekebisha. Akanipa kahawa kwenye kikombe kidogo, kahawa ya Ngara aliyoichemsha kwa kibirika chake cha Kiitaliano mpaka ikawa nyeusi kama lami, akasema, "Wewe Mbuke utafika mbali, lakini utafika peke yako." Niliichukua kama sifa.

Mwishoni mwa kila mwezi alikuja Mzee Bukuru. Alitoka Kanazi kwa baiskeli, mikungu miwili ya ndizi imefungwa nyuma, akaingia kwa mlango wa jikoni kana kwamba nyumba ni yake. Huku Ngara mtoto wa kwanza wa mapacha huitwa Bukuru na wa pili Butoyi, kwa hiyo nilijua habari yake kabla hajajieleza: Sista Benedeta alikuwa Butoyi wake. Walikaa baraza ile ile, yeye kwenye kigoda, Sista kwenye kiti, wakala ndizi zilizopikwa na maharage, wakaongea Kihangaza haraka haraka, wakikatana maneno. Mimi sikielewi. Paskazia alinitafsiria kwa pembeni huku akijifanya anaosha vyombo.

"Anamwambia amemwachia nafasi kwenye migomba, pembeni ya mama yao. Anasema walikuja siku moja, sasa aende kurara na watu asiowajua?" Aliiga na ile r ya mzee.

"Sista anasemaje?"

"Anasema makaburi ya masista yana kivuli kizuri."

"Hilo ni jibu gani?"

"Ni jibu la Kihangaza. Ninyi Wasukuma mnataka kila kitu kiwe na pembe kama ng'ombe."

Mwezi uliofuata mzee alirudia, na Sista alicheka, akasema migomba ya Kanazi ina siafu. Mwezi mwingine hakujibu kabisa, alimwongezea maharage. Nayataja haya kwa sababu baadaye niliyapitia mara nyingi nikitafuta jambo moja la hakika, na sikulipata. Hakuwahi kusema ndiyo. Hakuwahi kusema hapana.

Kiharusi kilimkuta Sista mwezi wa nane, vumbi likiwa limepaka kila jani rangi moja. Ilikuwa asubuhi, alikuwa anakunja shuka. Alipotoka hospitali upande wa kulia ulikuwa umelala, na Kiswahili chake kilikuwa kimeondoka, na Kihangaza chake pia. Kilichobaki ni vitenzi. Alilala kwenye chumba cha mwisho wa ukumbi chenye dirisha linalotazama tangi la maji, akavitaja kwa utaratibu, nafsi ya kwanza mpaka ya sita, mkazo pale pale penye nukta nyekundu, bila kosa hata moja. Mkono wa kushoto uligonga ubao wa kitanda. Daktari alitueleza kwamba kuna maneno yanayojisema yenyewe, kama sala, kama kuhesabu, kama wimbo wa utotoni. Yanaweza kubaki hata pale mtu asipoweza tena kuomba maji. Nilielewa mara moja. Niliwaeleza na wengine. Nilieleza vizuri, nakumbuka, kwa mifano.

Mzee Bukuru alifika siku ya tatu, bila ndizi. Alikaa kitandani, akamshika mguu, akamsemesha Kihangaza kwa muda mrefu. Sista alimtazama, akasema, "Telefono, telefoni, telefona."

Mzee akanigeukia. "Mwalimu, anasema nini?"

"Shikamoo mzee. Anasema napiga simu, unapiga simu, anapiga simu."

"Anataka kumpigia nani?"

"Hataki kumpigia mtu. Ni zoezi. Linajisema lenyewe."

"Neno haliwezi kujisema," alisema. "Mpeni simu."

Paskazia alimpa yake. Sista aliishika kwa mkono wa kushoto, akaitazama, akagonga nayo ubao wa kitanda mara moja, akaendelea: telefoniamo. Paskazia akatoka nje ya chumba. Mzee hakutoka. Alikuja kila siku kwa wiki mbili, na kila siku aliuliza swali lilelile kwa Kihangaza, sasa nililitambua kwa sauti tu, lile la mahali pa kulazwa. Kisha akaenda kwa Mkuu wa nyumba, sista mpole mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri, akamwambia kwamba anamtaka ndugu yake. Mkuu akamwambia masista huzikwa na masista, ndiyo kanuni. Lakini kama yeye mwenyewe akionyesha wazi kwamba anataka kwao, mbele ya mashahidi, ataandika barua kwa wakubwa, na anaamini watakubali. Akaniita mimi. Nilikuwa nimesoma lugha. Alidhani nitajua njia.

Nilijua njia. Nilijivunia hata urahisi wake. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Tutamwuliza kwa polepole, nikasema. Akigonga ni ndiyo, akinyamaza ni hapana. Nilimfundisha asubuhi nzima, nikigonga ubao mwenyewe na kusema ndiyo, nikiuacha na kusema hapana. Alinitazama kwa makini. Siwezi kusema alielewa na siwezi kusema hakuelewa.

Alasiri tulikuwa wanne chumbani naye: Mkuu na kalamu yake, Mzee Bukuru amevaa koti, Paskazia mlangoni, na mimi. Mzee alimwuliza kwanza kwa Kihangaza. Mkuu akanipa ishara nami nikauliza kwa Kiswahili, neno kwa neno: "Sista, unataka kuzikwa Kanazi?"

Akagonga.

Mzee Bukuru alisimama. Alinyoosha mikono yote miwili juu, akasema neno moja kwa Kihangaza, akaishusha akafunika uso. Mkuu alisema, "Basi. Nitaandika leo." Paskazia alikuwa analia huku anacheka. Chumba kizima kilikuwa kimemaliza kazi yake, na kama mtu angefungua mlango wakati ule tungetoka sote, na mambo yangeenda yalivyoenda.

Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu. Hakugonga baada ya swali. Aligonga ndani ya swali, kwenye ile na ya Kanazi, kabla sijamaliza neno, pale hasa mkazo wa Kiswahili unapokaa. Labda hakuwa akinijibu. Labda alikuwa akinisahihisha, kama alivyofanya mwaka mzima pembeni ya ungo, na safari hii nilikuwa nimepatia. Hakuna aliyeliona ila mimi. Nikasema, "Ngojeni."

Nikamwuliza, "Sista, wewe ni fundi baiskeli?"

Akagonga. Kwenye ke.

Nikauliza, "Sista, unataka kuzikwa hapa Kibimba?" Akagonga. Kwenye mba, hapana, nakosea, kwenye bi. Wiki nzima baadaye nilikuwa nikiligonga mezani ili nihakikishe. Mkuu alifunika kalamu yake. Hakuwa na furaha, hilo nalishuhudia. Alifunga tu, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikianza. Akasema taratibu, "Basi hatuwezi kujua," akaniweka mkono begani, akatoka. Kwake nilikuwa nimefanya vema. Nilikuwa nimezuia barua yenye uongo ndani yake.

Mzee alikuwa bado amesimama. Alinitazama bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira.

"Mwalimu," alisema, "la kwanza si alijibu?"

"Hakujibu, mzee. Aligonga tu."

"Alijibu. Mimi nilimwuliza, alijibu. Nani alikutuma kuuliza la pili?"

Nilimweleza. Nilimweleza yote, silabi na mkazo na yale ya daktari, nikitumia Kiswahili chepesi, na kila nilipomaliza sehemu alitikisa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia ya mji asiokwenda. Nilipomaliza kabisa, alivua koti, akalikunja, akaliweka chini ya mkono wa Sista ambao ulikuwa unagonga ubao mtupu, ili usiumie.

Sista alikufa baada ya siku tisa. Wakamzika na masista, penye kile kivuli, wakaimba vizuri. Mzee Bukuru alikuja na watu wa kwao, akatupa udongo kama wengine, akala chakula kama wengine, akapanda baiskeli. Mimi nilirudi stoo nikamaliza daftari la tatu. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikosea, na kila mara ninafika mahali palepale: kwamba nilichoona ni kweli, na kwamba kweli ile haikumfaa mtu yeyote chumbani. Kwa Mkuu ilikuwa sawasawa na kanuni aliyokuwa nayo tayari. Kwa marehemu sijui. Watu husema siku hizi kwamba tunahitaji vijana wanaohoji. Huwa nawasikiliza tu. Hawaulizi wahoji nini, na mbele ya nani.

Karibu miezi miwili baada ya mazishi, mvua zimeanza, Mzee Bukuru alitokea mlangoni pa stoo. Sikusikia baiskeli. Alikuwa amelowa, na alikuwa amebeba mkungu mmoja, akauegemeza ukutani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Yale maneno aliyokuwa anayasema mwishoni, unayo?"

Nikamwonyesha ukurasa. Akautazama bila kuusoma. "Nifundishe," akasema.

Nilimwambia ni kupiga simu tu. Akasema anajua, nilikwisha kumwambia. Basi nikamvutia kiti, nikamtajia, naye akafuata. Alisema terefono, kwa r, na mkazo kwenye fo. Nikamsahihisha. Paskazia alikuwa bado hajaondoka, alikuja akasimama dirishani na jiwe la maharage mkononi, akasikia, akasema, "Mzee, umetuletea l na r za wilaya nzima," na mzee akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa nane, akasema, "Nyamaza we mtoto, mimi ndiye mkubwa wake." Akarudia. Sikumhurumia. Kila alipokosea nilinyamaza nikatazama nje mpaka aliposema tena, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kukifundisha kitenzi kile. Nafsi tano alizipata kabla ya chakula cha mchana. Ya sita ilimshinda. Aliikimbilia mkiani kama sisi sote, telefonano, telefonano. Alikula nasi ugali wa muhogo na dagaa huku akiitafuna pamoja na chakula. Alasiri, mvua ikiwa imekatika, aliisema sawasawa, le ikasimama juu na zile tatu zikashuka nyuma yake zenyewe. Akaisema tena, sawasawa. Akasema zote sita tangu mwanzo, polepole, bila kosa, amefumba macho.

Kisha akasimama, akafunga vifungo vya shati. Nilimsindikiza hadi baiskeli ilipokuwa imeegemezwa.

"Haya," alisema. "Sasa tuko wawili tunaojua alichosema."

Nilikuwa na la kumjibu. Hakusema kitu, mzee, nilikwambia. Lilikuwa tayari mdomoni, lote, na sababu zake. Nikamshikia usukani apande.

"Ndiyo, mzee," nikasema.